Yamaha PSR-E373: kinanda cha mwanafunzi anayetafuta hela

Nina miaka 17, niko kidato cha nne hapa Morogoro, na Jumamosi nyingi utanikuta kwenye sendofu ya mtu nisiyemjua, nimekaa ubavuni mwa spika, napiga kinanda wageni wakila. Wanaonifuata mezani hawaniulizi nimejifunzia wapi. Wanauliza hicho kinanda bei gani, na je, kinalipa? Nijibu hapa mara moja.

Changu ni mtumba, nilikipata Kariakoo kwa laki nne na nusu. Nusu ilikuwa akiba yangu ya kupigia kwaya ya vijana, nusu alinikopesha mama. Deni la mama limeshaisha, na limelipwa na harusi za watu.

Kinacholipa kwanza ni uzito. Kina kilo 4.6 tu, hivyo nakivaa mgongoni na kupanda bodaboda. Mkoba wake alinishonea fundi cherehani wa mtaani kwetu kwa turubai la zamani, ndani kaweka kipande cha godoro. Wenzangu wenye vinanda vikubwa wanakodi bajaji kwenda na kurudi, na kwa malipo tunayopewa sisi watoto, nusu ya hela inaishia barabarani.

Cha pili ni betri. Kinatumia sita ndogo za AA, hizi za rimoti, na mimi siendi kazini bila hizo. Kuna harusi umeme ulikatika maharusi wakiwa mlangoni kabisa. Mziki mkubwa kimya, MC kabaki na maiki mkononi, jenereta linatafutiwa mafuta. Nikachomoa adapta, nikachomoa na waya wa kwenye mixer, ile mashine ya kuchanganyia sauti, nikakiwasha upya. Spika zake ni wati 2.5 kila upande, huwezi kujaza nazo ukumbi, lakini akina mama wakishaanza kuimba wenyewe wanachotaka ni kushikiwa ufunguo tu, yaani kimo cha wimbo. Maharusi wakaingia kwa vigelegele, na watu wakaja kunitunza: elfu mbili, elfu tano, shangazi mmoja akanibandika kumi kwenye paji la uso. Nilichotunzwa usiku ule kilizidi nilichoahidiwa na kamati.

Sauti ziko 622 na midundo 205. Mimi nazungukia sauti sita hivi: piano, ogani, ala za nyuzi na nyingine mbili tatu. Midundo mingi ni ya kizungu, haimchezeshi mtu wa Mji Mpya hapa Morogoro. Ila kile kitufe cha Portable Grand kimeniokoa mara nyingi, maana ukipotea gizani katikati ya sauti 622, bonyeza hicho na unarudi kwenye piano papo hapo. Ufunguo nao unapanda na kushuka nusu toni kwa nusu toni, hadi 12 kila upande. Mwalimu wa kwaya akibadilisha doh dakika ya mwisho kwa sababu soprano wana mafua, vidole vyangu havihami.

Sasa kero zake. Sehemu ya kutolea sauti ni tundu moja tu, lile lile la hedifoni, na ukichomeka waya spika za kinanda zinazima. Kwa hiyo usipopewa monita, ile spika ya kumgeukia mpigaji, hujisikii kabisa. Tena tundu hilo ni la stereo. Fundi mitambo akikuletea waya wake wa kawaida wa stereo akauchomeka moja kwa moja kwenye mixer, piano inatoka kama iko kisimani.

"Mdogo wangu, kinanda chako kibovu," aliniambia mmoja.

"Kaka, kinanda kizima. Naomba tutumie waya wangu."

Nina waya wenye ncha moja ya stereo na mbili za mono, nazichomeka chaneli mbili, moja kushoto, moja kulia. Bei yake ni ndogo na umenijengea heshima kwa mafundi kuliko kupiga kwenyewe.

Halafu hili la kujizima. Usipokigusa kwa dakika 30 kinajizima chenyewe ili kutunza umeme. Aliyebuni hilo hajawahi kukaa kwenye ibada ya ndoa mhubiri akishikwa na upako. Dawa ni kukiwasha huku umekandamiza kitufe cha mwisho kabisa kushoto, ile noti nene kuliko zote; hapo hakijizimi tena.

Gurudumu la kukunjia sauti, lile la kuitelezesha noti juu na chini, hakina, kwa hiyo ukitaka kuliza solo za sebene au kinanda cha taarabu, tafuta kingine. Ingawa mchiriku wa Dar ulitikisa mitaa kwa vi-Casio vidogo kuliko hiki, kwa hiyo sitaki kusikia mtu anasema hawezi kuanza kwa sababu kinanda ni kidogo.

Kuhusu hela yenyewe: ndoa ya kanisani nachukua elfu thelathini, sendofu elfu themanini, na nusu nataka kabla sijatoka nyumbani. Hilo la nusu nililianzisha baada ya kamati moja kunizungusha wiki baada ya wiki, "mhazini kasafiri", mpaka maharusi wakapata mtoto. Laini ya simu iko kwa jina la mama, hivyo malipo yote yanaingia kwake na kila mara kuna makato ambayo hayajawahi kuelezwa. Kazi za usiku naenda na mjomba. Anakula sahani ya mwanamuziki, mimi nakula ya mgeni. Msibani sitozi.

Ukienda kununua mtumba, piga vitufe vyote 61 kimoja kimoja, kwa nguvu na kwa ulaini, usikie kama sauti inafuata mkono. Fungua mfuniko wa betri uangalie kutu. Adapta iwe ya volti 12 na iwe nzima, maana zile za bei poa zinaunguruma mpaka kwenye spika za ukumbi. Muuzaji akikukatalia kukijaribu kwa betri, nenda duka la pili.