Fundi wa DVD wa Mwanjelwa aliyerudisha sauti ya babu (nyota 4 kati ya 5)

Naandika hii maana najua siko peke yangu, kila familia huku kwetu Mbeya ina mzee mmoja kijijini ambaye simu yake ni kitochi, mambo ya intaneti hataki hata kuyasikia, ila ana TV ya chogo na deki na sabufa, na hiyo deki anaipenda kuliko wajukuu. Wa kwetu ni bibi, yuko Tukuyu, ndani ndani huko kwenye migomba.

Mwaka juzi yeye na babu walifanya jubilei ya miaka 50 ya ndoa, babu akasimama akaongea karibu dakika 40, kila tukidhani anamaliza kumbe ndo kwanza anaanza, watu wameshaanza kuchungulia masufuria. Mwaka jana babu akatutoka. Kwa hiyo ile video sio video ya sherehe tena, mnanielewa. Bibi akaniambia mi nataka CD ya mzee akiongea, basi, hayo mengine ya keki na kucheza kaeni nayo.

Nikapeleka flashi kwenye duka moja mjini, jina naliacha sina ugomvi na mtu. Kesho yake nikapewa diski tatu, 3,000 kila moja, wakanichezea pale pale kwenye kompyuta yao, babu anaongea vizuri kabisa, nikalipa nikaondoka roho kwatu. Jumamosi niko Tukuyu na ile mvua ya kule isiyopiga hodi, ndugu wamejaa sebuleni, bibi kajifunga kitenge kipya, tunaweka diski, picha hiyo hapo safi, babu anafungua mdomo, kimya. Tukaongeza sauti, kimya. Baba mdogo akaanza kupiga piga sabufa mgongoni, akachomoa zile waya nyekundu na nyeupe akazigeuza, akazipuliza, kimya. Tukaweka CD ya kwaya, ikaimba mpaka jirani akasikia. Bibi akasema tu, mzee amekataa kuongea na mimi. Akaenda jikoni.

Jumatatu nikarudi dukani, wakaweka kwenye kompyuta, inaongea! Wakaniambia dada deki ya bibi yako imekufa, mnunulieni nyingine. Nikakaribia kununua kweli, kama sio dada mmoja kazini kunielekeza kwa huyu fundi.

Kibanda chake kiko upande wa nyuma ya soko la Mwanjelwa, anatengeneza rimoti, anajaza nyimbo kwenye memori kadi, na anabani DVD. Jina lake siandiki sikumuomba ruhusa. Nilivyofika hakuniuliza nataka kopi ngapi, swali lake la kwanza lilikuwa "Dada, mnaangalizia kwenye nini?" Nikamwambia deki ya siku nyingi, TV ya chogo, sabufa. Akacheka, akainama chini ya meza akatoa deki kuukuu ina vumbi kama imetoka Kyela kwa mguu, akaweka diski yangu, picha ipo, sauti hamna. "Deki ya bibi nzima kabisa. Hii sauti ndo deki haiielewi."

Hapo ndo nikapewa somo bure nimesimama, na ndo sababu ya kuandika haya yote. Kumbe ndani ya faili moja la video picha na sauti ni vitu viwili tofauti, kila kimoja kina aina yake, na unaweza kubadilisha kimoja ukakisahau kingine. Simu zetu nyingi zinarekodi sauti ya aina inaitwa AAC. Deki za zamani zinajua MP3, zinajua AC-3 ile ya Dolby, zinajua MP2 na PCM, lakini AAC ukiziwekea nyingi zinakukodolea macho tu. Wale wa kwanza walibadilisha picha wakaiweka kwenye faili la aina ya AVI ambalo deki ya bibi inalisoma, sauti wakaiacha kama ilivyotoka kwenye simu, wakaburuta faili wakabani. Na kwenye kompyuta hutajua kamwe, maana programu kama VLC inacheza karibu kila aina utakayoipa. Fundi anasema kompyuta ni shahidi wa uongo, usimuulize habari za deki.

Na kitu kingine ambacho mi sikukijua na umri wangu huu, kuna diski ya kubebea mafaili na kuna DVD yenyewe ya video, kwa macho zote zinafanana. DVD ya video ina sheria zake, picha kwa kawaida iwe ya aina inaitwa MPEG-2, sauti iwe AC-3 au PCM au MP2, na sauti ipimwe mara 48,000 kwa sekunde. CD ya muziki ni mara 44,100. Ukitengeneza hiyo ya kwenye sheria, karibu deki yoyote yenye maandishi ya DVD itaisoma, hata ile ya bibi.

Sasa akaanza kazi na matatizo ndo yakazaliwa, maana video yetu iliungwa vipande vitatu. Mwanzo ni kamera ya mpiga video, zile zinazorekodi kwa mtindo unaitwa AVCHD, hiyo haikumsumbua sana kwa sababu kamera hizo mara nyingi zinarekodi AC-3 tayari, ila babu alikuwa anaongelea spika ya kushoto tu. Maiki ilichomekwa upande mmoja, upande wa kulia ni tupu. Ukisikiliza kwa hedifoni unaweza kudhani sikio limeziba. Akachukua ya kushoto akaijaza pande zote mbili, dakika mbili imeisha, ila bila yeye tungekuja kugombana na waya za bibi tena.

Kipande cha pili ndo cha hatari, ile hotuba yenyewe, binamu yangu aliirekodi kwa simu. Fundi alipomaliza kukonveti sikumuelewa, hakuangalia mwanzo, akaruka moja kwa moja mpaka dakika ya 38. Nikamuuliza mbona huku. "Mwanzo kila mtu anapatia dada." Na kweli bwana, kule mwisho babu kafunga mdomo, maneno bado yanatoka. Anakaa chini, sauti bado inashukuru kamati.

Alivyonieleza ni hivi, na mi nakupa kama nilivyoelewa. Simu haipigi picha kwa mwendo mmoja, kukiwa na mwanga inapiga 30 kwa sekunde, giza likiingia inapunguza yenyewe, na pale ukumbini taa zilikuwa zile za rangi za kuwaka na kuzima. DVD ya huku kwetu ni PAL, ndo mfumo wa TV za huku, inataka picha 25 kila sekunde, sio pungufu sio zaidi. Programu ikikadiria kwamba mwendo ni mmoja tangu mwanzo, picha na sauti zinaachana kidogo kidogo, dakika ya kwanza huoni, ya 40 unaona aibu. Kwa hiyo ukikuta sauti imechelewa, kabla hujagusa kitu angalia mwanzo na mwisho. Kama imechelewa sawasawa kote, wahisha tu sauti kwa nusu sekunde au kiasi gani, imeisha. Kama mwanzo iko sawa halafu inazidi kuachana, ukisogeza umehamisha tatizo kutoka mwisho kwenda mwanzo, dawa yake ni kuirudia ile video ya simu kwanza iwe na mwendo mmoja wa 25 halafu ndo utengeneze DVD. Akarudia. Laptopu yake ni ya kizee, tukasubiri mpaka nikala chips mayai nikarudi nikamkuta bado.

Kipande cha tatu kilikuwa cha WhatsApp, watoto wanaimba. Hapo aliniambia ukweli hana uchawi, WhatsApp imeshakamua video na sauti, iliyokwenda imekwenda, alipunguza mikwaruzo kidogo akaacha. Siku nyingine mwambie mtu akutumie kama dokumenti, sio kama video, inakuja nzima.

Nikamwomba aweke PCM maana nimesikia ni sauti isiyobanwa, akanipigia hesabu nikanywea. PCM ya stirio inakula kilobiti 1,536 kwa sekunde, saa moja ni karibu MB 691, AC-3 aliyotumia yeye ni kilobiti 192, saa moja haifiki MB 87. Diski ni GB 4.7 hiyo hiyo, kwa hiyo unachoipa sauti unakinyang'anya picha, na kwa mzee anayeongea kwenye maiki ya ukumbini bibi hatasikia tofauti yoyote.

Bei ni 5,000 kwa diski ya kwanza na kopi 2,000. Ghali kuliko mjini kwa ile ya kwanza, nilinuna kidogo, ila hesabu ya nauli ya kwenda Tukuyu na kurudi na aibu yake ilinifanya nitoe hela kimya kimya. Na hakupi diski mpaka aicheze kwenye lile deki la vumbi mbele yako, mwanzo, katikati, mwisho. Pia anabani taratibu, hakimbizi kasi ya juu kabisa, anasema deki za zamani zinapata shida na diski zilizobaniwa haraka haraka.

Nyota moja nimeitoa na sijuti. Kwanza foleni, mtu anakuja na rimoti anahudumiwa mbele yako kwa sababu eti ni dakika moja, wamekuja watano. Pili siku ya mechi usiende, mwili upo akili iko kwenye redio. Tatu risiti hamna, na anaandika juu ya diski kwa mwandiko wa daktari, yangu imeandikwa kitu kinachosomeka "Jubilee" au "Juliana", mpaka leo hatujakubaliana nyumbani.

Ah na kabla sijasahau, jioni hiyo shemeji yangu aliweka diski kwenye laptopu akafungua mafolda, akakuta VIDEO_TS imejaa na AUDIO_TS tupu, akanipigia simu anahema, shemeji tumepigwa tena, sauti haipo! Nikampigia fundi na mimi nahema. Akacheka mpaka akakohoa. AUDIO_TS inakuwaga tupu kwenye DVD za video, ni folda la DVD za muziki peke yake, sauti ya video imo humo humo kwenye VIDEO_TS ndani ya mafaili ya VOB pamoja na picha. Kwa hiyo ukiikuta tupu lala usingizi.

Na mjomba wa Uyole nilimpa kopi akasema kwake haitoi sauti, nikashtuka, kumbe yeye deki kaiunga kwenye TV kwa HDMI na kwenye setingi za sauti imewekwa itoe Dolby ghafi, yaani ile AC-3 bila kuifungua, TV yake haiielewi. Nilimwelekeza kwa simu abadilishe iwe PCM, ikaongea hapo hapo. Kabla hujamtukana aliyebani, ingia kwanza kwenye setingi za deki.

Kama uko mbali na Mwanjelwa na una laptopu na draivu ya kubania DVD, unaweza kujaribu mwenyewe na DVDStyler, ni ya bure, unachagua PAL, sauti unachagua AC-3 au MP2, inakukonvetia na menyu inakutengenezea. Mi nilijaribu na video ya kipaimara cha mdogo wangu imetoka poa. Ila ya simu ndefu sitaigusa, naipeleka kibandani.

Basi Jumamosi iliyofuata nikapanda tena Tukuyu, safari hii bila kumwambia mtu, tuko mimi na bibi na baba mdogo tu. Nikaweka diski. Babu akasafisha koo, akasema bwana asifiwe, bibi akaitikia amina kabisa kama yuko ukumbini. Akasikiliza dakika zote 40 hajainuka, mvua inapiga bati, baba mdogo anaongeza sauti tu na rimoti. Ilipoisha nikasubiri aseme chochote kuhusu kazi yangu. Akaniangalia kwa hasira.

"Mbona anakohoa vile, na nyie mmekaa tu mnarekodi? Hakuna hata mmoja aliyempa maji?"