Nimelipa laki na nusu kwenda Nachingwea, babu yangu kaambiwa anaota

Jamani naandika bado nina hasira, na yamepita kama majuma mawili matatu hivi, lakini kila nikimkumbuka yule kijana napanda upya.

Iko hivi. Kuna jamaa hapa Mtwara mjini wanapeleka watu Nachingwea, wanaita ziara ya historia, mnatoka alfajiri na Noah usiku mmerudi. Jina siwataji. Mimi nikasema safi, ngoja nimpeleke babu, maana babu anaikaribia themanini na hadithi yake ni moja tu miaka yote, treni ya Nachingwea, baba yake alikuwa kibarua wa reli na yeye akiwa mtoto aliipanda. Laki na nusu watu wawili, chakula juu yao. Nikalipa.

Njiani hamna neno. Mnazi Mmoja tukanunua ming'oko, tukapita Mtama, Ndanda, babu kabandika uso kwenye kioo, kila kijiji anasema hapa fulani alioa, hapa fulani alifilisika. Muongozaji wetu yuko mbele anachati. Shikamoo hakutoa tangu asubuhi, kamwambia babu "mambo mzee". Mambo! Mtu wa miaka ile!

Tumefika akashuka, akafungua simu, akasoma. Mji ulianzishwa na Waingereza kulima karanga, mradi ukafeli, baadaye wapiganaji wa Msumbiji wakakaa hapa, haya twendeni tukale. Dakika kumi hazikufika. Samora Machel hata hakumtaja, mtu ambaye kafundisha wapiganaji wa FRELIMO hapo hapo Nachingwea, 1975 akawa rais wa nchi yao. Hiyo peke yake ningekaa nisikilize saa nzima mimi.

Babu akauliza kwa upole tu, "Mwanangu, stesheni ilikuwa upande gani?"

"Mzee huku treni haijawahi kufika. Hizo stori za kijiweni, au uliota." Akacheka, na wale abiria wengine wawili wakacheka.

Babu akasema "haya baba", akanyamaza. Bora angegombana.

Sasa wewe kijana kama unasoma hapa nisikilize. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza mafuta ya kupikia yalikuwa shida, ndo 1947 wakaanza kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, sehemu tatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa udongo ukikauka ni kama saruji, karanga utaing'oaje humo? Na mvua yenyewe ya kubahatisha. Mamilioni ya pauni yakateketea, 1951 wakanyoosha mikono. Kongwa pakaja kuwa ranchi ya ng'ombe mpaka leo, sisi kusini tukabaki na mikorosho yetu. Lakini jiulize, wakati wanapanga hayo yote, karanga za Nachingwea zingefika melini zimebebwa kichwani? Ndo bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikavutwa mpaka Nachingwea, baadaye ikatoka na tawi la Masasi. Mzigo waliouwazia haukuja, 1962 wakaifunga, vyuma vikang'olewa. Yaani huu mji wa Mtwara unaopigia picha zako za matangazo umekua kwa sababu ya bandari iliyojengwa pamoja na reli ya hiyo treni ya ndotoni.

Chakula sisemi. Wali wa baridi, nyama vipande viwili, kimoja mfupa.

Baada ya kula babu akamfuata dereva, mtu mzima mwenye adabu zake, wakanong'ona, tukashtukia gari limekata kona kwenye shule moja ya msingi. Jumamosi, hamna mtoto. Kwenye mwembe kuna chuma kimening'inizwa kwa waya, ndo kengele ya shule. Babu akakishika akanionyesha, juu kichwa kinene, katikati kiuno chembamba, chini kitako kipana cha kukalia kwenye mataruma, pembeni tundu la bolti. Kipande cha reli, kabisa. Akaokota jiwe akagonga mara tatu, mlinzi akatoka mbio akidhani kuna fujo, kumbe naye akiwa mdogo alikuwa akisikia habari za treni kwa bibi yake, wakakaa chini wakaongea mpaka jua likageuka.

Muongozaji kabaki garini. Kamwambia dereva "si chuma tu hicho, kinaweza kutoka popote". Nilitaka kumshusha mimi.

Kwa hiyo nyota moja. Ingawa dereva namjazia zote tano. Na nikiwa mkweli, bila yule kijana kumdhihaki babu tusingeenda kule shuleni, na sijamuona babu akicheka vile tangu bibi afariki, kwa hiyo hela yangu sijui niseme imepotea au vipi. Hapana, imepotea. Ile "uliota" siisamehi.

Nilishawaambia watu wote nyumbani wasiende. Halafu juzi napita kwa babu simkuti, naambiwa kaondoka alfajiri na Noah. Kumbe wakati tunashuka siku ile kijana alimuomba namba, na babu akampa! Sasa wanampeleka kwa wageni aongelee treni, wanamlipa elfu kumi na soda. Nimemuuliza babu, yule si ndo alikucheka? Ananijibu, "Siku hizi ananiamkia."

Elfu kumi, na wao wanakusanya laki na nusu!