Darasa la kutafsiri Kichina, Kariakoo: mwalimu safi, chumba joto

Jamani nimesoma hapa wiki sita jioni, ghorofa ya tatu lifti mbovu. Tunafanyia mapepa ya zamani ya kuingilia masta za biashara kule China, ile pepa ya Kiingereza namba mbili, kipande cha kutafsiri Kiingereza kwenda Kichina, maneno kama 150, maksi 15 kati ya 100. Mwalimu anajua bwana! Mi nimekutana na "interest" nikaandika xingqu, yaani kupenda kitu, kumbe sentensi inaongelea riba ya benki, lixi, akanizungushia duara jekundu darasa zima wakaangua kicheko. Na zile sentensi za "which" anakwambia usiziburuze mkiani, Kichina maelezo yanatangulia jina. Ila feni moja watu ishirini, na daftari langu walikusanya mpaka leo sijaliona.