Kanzidata za maktaba: niliuliza swali, nikajibiwa sifuri

Mara ya kwanza niliingia kwenye kanzidata ya maktaba ya chuo, yaani hifadhi ya makala za kitaaluma unayoitafuta kwa kompyuta, kama ninavyoingia Google. Nikaandika swali zima, "kwa nini" mpaka alama ya kuuliza, kwa Kiingereza changu chote. Sifuri. Nikailaumu maktaba.

Mkutubi wa zamu hakunicheka. Aliyafuta maneno yangu, akabakiza mawili: wanaoacha shule, na umaskini. Hapo nikaandika "school leavers", na makala zikamiminika, ila nyingi zilihusu waliomaliza shule! Ndipo aliponionyesha kitu ambacho peke yake kinastahili nyota tano: orodha ya istilahi iliyomo ndani ya kanzidata yenyewe. Tulikuwa kwenye ERIC, ya mambo ya elimu, iliyo chini ya Wizara ya Elimu ya Marekani na iliyo wazi bure kwa yeyote. Humo kila makala hupewa istilahi maalumu, hata kama mwandishi alitumia maneno yake mwenyewe. Istilahi niliyoihitaji ilikuwa "Dropouts". Neno moja tu, na jioni yangu ikapona.

Mengine ni mepesi. Ukiweka AND kati ya maneno, matokeo hupungua; ukiweka OR, huongezeka; alama za kunukuu hushikanisha maneno, na kinyota mwishoni mwa mzizi (educat*) huleta ukoo mzima wa neno.

Vichujio navyo vitumie kwa akili. Ukiweka tiki kwenye makala zilizopitiwa na wataalamu, bado unaweza kuletewa tahariri au uhakiki wa kitabu, maana mara nyingi kinachochujwa ni jarida, si makala moja moja. Mimi nilikaribia kunukuu uhakiki wa kurasa mbili kana kwamba ni utafiti. Na tiki ya "matini kamili" siiweki tena mwanzoni; huficha makala ambazo maktaba inazo kwenye kanzidata nyingine, au inaweza kuniazimia kutoka maktaba nyingine.

Kwa kazi za zamani naipenda JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, ila usiitegemee kwa utafiti wa juzi: majarida mengi humo huwa nyuma kwa miaka 3 hadi 5.

Ukiwa nyumbani, pitia tovuti ya maktaba kwanza, uingie kwa nywila yako. Ukienda moja kwa moja kwa mchapishaji utadaiwa pesa kwa makala ambayo chuo kimeshailipia.

Kanzidata hizi nazipa nyota nne kati ya tano; niliyoipunguza ni kwa sababu ya kanzidata moja ya kulipiwa, sitaitaja. Ukinyamaza kidogo ukisoma, inakutoa nje. Usiku mmoja nilinakili viungo zaidi ya ishirini kutoka kwenye upau wa anwani, asubuhi vyote vimekufa. Siku hizi nanakili DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho, ya kila makala kabla hata sijasoma ikisiri.