WinDirStat Mbele ya Folda ya AppData: Inaonyesha Vizuri, Haielezi

Diski ikijaa ilhali folda zinazoonekana, yaani za nyaraka, picha na video, hazifikii hata nusu ya nafasi iliyotumika, mwenye kompyuta huanza kushuku kirusi au ubovu wa diski yenyewe. Mara nyingi si hiki wala si kile. Katika Windows kila mtumiaji ana folda iitwayo AppData, ambayo mfumo huificha tangu akaunti inapofunguliwa, na humo ndimo programu huweka mipangilio, mafaili ya muda, na hata kazi za mtumiaji ambazo hazina nakala mahali pengine popote. Kwa hiyo naipima hapa WinDirStat, programu ya bure yenye msimbo huria inayoonyesha nafasi ya diski imetumiwa na nini, kwa swali moja tu: inamsaidia mtu kiasi gani kuifikia folda hiyo na kuielewa?

Katika kuifikia, inastahili sifa kubwa. Ukiiagiza ikague diski, hupita folda zote inazoruhusiwa kusoma bila kujali zimefichwa au la, kisha hukupa dirisha lenye sehemu tatu: orodha ya folda zilizopangwa kwa ukubwa, orodha ya aina za mafaili, na ramani ya mistatili ya rangi ambamo kila mstatili ni faili moja na eneo lake hulingana na ukubwa wa faili hilo. Ramani hiyo ndiyo roho ya programu. Ukibofya mstatili mkubwa usioutambua, orodha ya folda hujifungua hadi kwenye faili husika, na nadhani wengi huliona jina AppData kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo. Ndivyo nilivyogundua mabaki ya programu moja ya kuhariri video, gigabaiti 11 za vipande vya muda, wakati programu yenyewe nilikuwa nimeiondoa miezi mingi kabla.

Kuielewa ni jambo jingine, na hapa WinDirStat humwacha mtumiaji peke yake. Huonyesha kwamba ndani ya AppData mna folda tatu, Roaming, Local na LocalLow, lakini haisemi zinatofautianaje. Roaming ilikusudiwa kubeba data inayopaswa kumfuata mtumiaji anapoingia kwa akaunti yake kwenye kompyuta nyingine ya mtandao uleule wa ofisi. Kivinjari cha Firefox huweka humo alamisho na manenosiri, na Thunderbird, programu ya barua pepe, huweka humo barua zenyewe. Local ni ya data inayobaki kwenye kompyuta ileile, ama kwa kuwa ni kubwa mno kuhamishwa, ama kwa kuwa inaweza kuundwa upya, kama vile kurasa za wavuti zilizohifadhiwa kwa muda. LocalLow ni ya programu zinazoendeshwa kwa ruhusa finyu za kiusalama, na kwa kawaida haina mengi. Mpangilio huu ulikuja na Windows Vista. Kabla yake, Windows XP ilikuwa na folda iitwayo Application Data, na jina hilo limeachwa hadi leo kama kiungo kwa ajili ya programu za zamani; ukijaribu kukifungua utaambiwa huna ruhusa, jambo ambalo limewatia watu wengi hofu bila sababu.

Ugumu ni kwamba si kila mtengenezaji wa programu anaifuata kanuni hiyo kwa namna moja. Chrome, kwa mfano, huweka wasifu mzima wa mtumiaji, pamoja na alamisho zake, ndani ya Local, kwa hiyo anayeamini kwamba kila kilichomo Local ni takataka atapoteza vitu vya thamani. Uchungu wake naujua. Niliwahi kufuta humo folda moja kwa sababu tu ilionekana kubwa na jina lake halikuniambia kitu, kumbe ilikuwa na maandishi yangu ya miaka mitatu yaliyotunzwa na programu ya kuandikia kumbukumbu. WinDirStat ina amri mbili za kufuta, moja hupeleka faili kwenye pipa la taka na nyingine hulifuta moja kwa moja. Nilichagua ya pili, na maandishi yale sikuyapata tena. Natamani sana amri hiyo ya pili isingepatikana kirahisi hivyo kwa folda zilizo ndani ya AppData.

Kuhusu kasi, matoleo ya zamani yalikuwa mazito kwenye diski kubwa, na toleo la 2 limeboreka mno. Anayetaka kasi zaidi anaweza kutumia WizTree, ambayo husoma moja kwa moja jedwali kuu la mafaili la NTFS, yaani mfumo ambao Windows hutumia kupanga mafaili kwenye diski, badala ya kupita folda moja moja, ingawa nayo haielezi maana ya inachokionyesha.

Anayejua tayari anakokwenda hahitaji chombo chochote kati ya hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %LOCALAPPDATA%, na Local itafunguka. Lakini ukiandika %APPDATA% utajikuta ndani ya Roaming, si kwenye AppData yenyewe, na itakubidi upande ngazi moja juu.

Naipendekeza WinDirStat kwa yeyote anayetaka kujua nafasi yake imekwenda wapi, ila kazi ya kufuta naifanyia nje yake. Nikiipata folda ninayoishuku, huifunga kwanza programu inayoimiliki, huibadilisha folda jina, kisha huendelea na shughuli zangu kwa wiki moja au mbili. Programu ikifunguka bila mipangilio yake au bila kazi zangu, naifunga tena, naondoa folda mpya iliyojiundia, na kuirudishia ile ya awali jina lake.