Mashindano ya picha za asili na mandhari: kiingilio kinalipa, ila angalia sheria kwanza

Wapiga picha wenzangu habari zenu. Nimemaliza msimu mzima kwenye shindano moja la kimataifa la picha za asili na mandhari, lile la kutuma onlaini, tangu kujisajili mpaka majina ya washindi yakatoka, na kwa vile kila mara naona watu wanaulizana kama kile kiingilio kinalipa au ni kuwachangia waandaaji tu, acha niseme ya kwangu. Kinalipa, ila kwa shindano lenye sheria kali. Hilo la sheria ndo nimeliangalia kuliko kitu kingine chochote, maana zawadi wanachukua watu wachache lakini sheria zinamgusa kila aliyetuma.

Za hawa zimeandikwa kwa uwazi kabisa. Kurekebisha mwanga, rangi na kontrasti, kunyoosha mstari wa upeo, kukropu (kukata kingo za picha) kwa kiasi, kuunga panorama (picha kadhaa kuwa moja pana), kuunganisha eksposha mbili za palepale (picha mbili za sehemu ileile zenye mwanga tofauti) ili anga isiungue, vyote ruksa. Kubadilisha anga, kubandika mwezi ambao haukuwepo, kuvuta mlima uonekane mrefu zaidi, au kuweka chochote kilichotengenezwa na akili mnemba, hapana. Kufuta ndo pagumu zaidi, vumbi la sensa (kile kifaa cha ndani ya kamera kinachonasa picha) unafuta lakini kitu kilichokuwepo mbele ya lenzi hakifutwi. Mi nilikuwa na picha ya mti umesimama ndani ya ziwa alfajiri, maji yametulia, ukungu mwembamba umekata shina katikati, afu kona ya chini kushoto kuna unyasi mmoja umejitokeza. Ni unyasi tu, kwa programu za siku hizi unaufuta kabla hujapepesa macho. Nikauacha. Nikafungua vivuli kidogo, nikapandisha joto la rangi kwa sababu kwenye RAW (faili ghafi la kamera kabla hujalihariri) maji yalikuwa yamepooza, nikatuma na unyasi wake, na ikapita raundi ya kwanza vilevile.

Hapo ndo ikaja imeli. Wanataka faili la RAW la picha hiyo pamoja na fremu zilizopigwa kabla na baada yake, na wamekupa siku za kutuma, ukichelewa umetoka. Kuna watu nimeona wanalalamika kwamba huko ni kutoaminiwa. Kwangu mimi hiki ndo kitu bora kuliko vyote walivyonavyo, kwa sababu yule aliyelala porini akisubiri mawingu yafunguke hawezi kushindanishwa na yule aliyechukua mawingu kwenye folda ya kompyuta akayabandika. Na hawa wasioomba RAW, jamani, kaeni nao mbali, mwisho wa siku anayeshinda ni fundi wa Photoshop.

Mashindano makubwa yenyewe yamejifunza hili kwa aibu. Wildlife Photographer of the Year, lile lililoanza 1965 na sasa linaendeshwa na Natural History Museum ya London, mshindi wao mkuu wa 2009 alikuwa na picha ya mbwa mwitu (wolf) akiruka geti, mwanzoni mwa 2010 wakamvua ushindi baada ya majaji kuona kuna uwezekano mkubwa yule mnyama alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 wakaiondoa picha nyingine iliyokuwa imeshinda kategoria yake mwaka uliotangulia, mnyama mla mchwa wa kule Brazili karibu na kichuguu kinachong'aa usiku, wataalamu walisema anafanana kabisa na aliyekaushwa, ingawa mpiga picha alikana. Upande wa mandhari, Uingereza 2012, mshindi wa Landscape Photographer of the Year aliondolewa kwa sababu ya kuchezea picha kwenye kompyuta kupita sheria za kategoria yake. Ndo maana mwaka 2021 likaanza Natural Landscape Photography Awards, ambalo msimamo wake wote ni kwamba picha ifanane na kilichokuwepo mbele ya kamera.

Kuhusu nafasi ya kushinda niseme tu ukweli, ni finyu. Hilo la London kwa msimu wa 2024 walipokea picha 59,228 kutoka nchi na maeneo 117, na zinazofika kwenye maonyesho ni kama 100 tu. Aliyeshinda msimu uliofuata, picha ya fisi wa kahawia kwenye mji uliohamwa wa Kolmanskop kule Namibia, alikuwa anaifukuzia picha ile kwa miaka kumi. Miaka kumi! Kwa hiyo mtu ukilipa kiingilio ukitegemea hela irudi utaumia bure. Ila ile kazi ya kukaa na picha zako zote na kuchagua chache ambazo uko tayari mgeni azione bila jina lako, bila laiki, bila rafiki wa kukusifia, mi sijaona darasa linalofundisha hivyo. Zile nilizokuwa nazipenda kwa sababu tu ya shida niliyopata kuzipiga zilianguka zenyewe nilipoziweka pembeni ya nyingine, maana jaji haoni baridi uliyoipata, anaona fremu.

Haki za picha kwenye shindano nililoingia mimi nazo nimezikubali. Picha inabaki yako, wao wanaruhusiwa kuitumia kutangaza shindano, maonyesho na kitabu chao, na jina lako linawekwa. Usitie tiki kabla hujasoma hicho kipengele, kwa sababu yapo mashindano, hasa yale ya bure ya makampuni, unakuta wanajipa ruhusa ya kutumia picha milele kwa biashara yoyote, hata ya aliyeshindwa, yaani wanakusanya maktaba ya matangazo kwa bei ya zawadi moja.

Waliponiudhi ni kwenye majibu. Umelipia kila picha, umetuma RAW, umesubiri, afu unapata mstari mmoja kwamba picha yako haikuendelea, na chini yake tangazo la kununua maoni ya jaji kwa hela nyingine. Hapana, hapo hawajatenda haki. Hata sentensi mbili kwa zile tu zilizofika raundi ya pili ingetosha. Na kategoria ya kura ya watu ningewaomba waifute, inageuka kuwa shindano la nani ana wafuasi wengi.

Mfumo wa kupakia wenyewe ni mwepesi, JPEG ya sRGB (mfumo wa kawaida wa rangi za skrini), bila jina lako wala nembo juu ya picha, unajaza maelezo mafupi basi. Kama picha yako ni ya kifaru au kiota cha ndege adimu futa data za eneo kwenye faili kwanza, majangili nao wana intaneti. Na tuma mapema, wiki ya mwisho tovuti inakuwa nzito kweli na hakuna anayekuongezea muda.