Niliijaribu sehemu ya uwazi wa ukurasa kwenye ofa ya midoli ya bure

Katika njia zote ninazotumia kupima ofa za midoli mitandaoni, sehemu ya uwazi wa ukurasa kwenye Facebook ndiyo ninayoipa alama za juu. Hulipii kitu wala huhitaji utaalamu. Unafungua ukurasa, unaingia kwenye maelezo yake, na unaona tarehe ulipofunguliwa, majina uliyowahi kuitwa, na mara nyingi nchi waliko wanaouendesha.

Wifi yangu alinitumia tangazo lililodai kwamba kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea inagawa masanduku "yaliyobonyea ghalani". Maneno hayo huwanasa wengi kwa sababu yanaingia akilini: boksi limeharibika, midoli ni mizima, kwa nini wasigawe? Nembo ilikuwa sahihi na picha zilikuwa safi. Nilipofungua historia yake, nikakuta ukurasa huo zamani ulikuwa wa viatu, na jina la kampuni ya midoli ulikuwa umepewa juzijuzi tu. Matapeli hununua au huiba kurasa zenye wafuasi tayari, kisha hubadili jina na picha. Wafuasi wanabaki, lakini majina ya zamani nayo yanabaki, na hapo ndipo wanapoumbuka.

Komenti sizitegemei hata kidogo. Mwenye ukurasa anaweza kuficha malalamiko na kuacha shukrani tu, na shukrani zenyewe huandikwa na akaunti bandia. Alama ya bluu ya uthibitisho nayo si kinga, maana tangu 2023 Meta, kampuni inayomiliki Facebook, huitoa kwa malipo ya kila mwezi. Vivyo hivyo alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti: maana yake ni kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa mwaka huohuo wa 2023, kwa kuwa watu waliielewa vibaya.

Linki aliyonitumia wifi yangu iliishia kwenye maswali mepesi na gurudumu la bahati ambalo kila anayelizungusha hushinda. Baada ya ushindi unaambiwa ulipie usafirishaji, kiasi kidogo kisichomtisha mtu. Wanachokitaka ni namba ya kadi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, palikuwa na usajili unaokatwa kila mwezi. Saa ya kuhesabu dakika zilizobaki ilianza upya kila nilipoufungua ukurasa. Wifi hakuweka kadi. Angekuwa ameiweka, ningemwambia apige simu benki papo hapo, kadi ifungwe na malipo yapingwe. Ila alikuwa ameshajaza jina la mwanawe na tarehe ya kuzaliwa, na hilo liliniuma, kwa sababu taarifa hizo hazifungiki kama kadi.

Sehemu hii ya uwazi wa ukurasa ina mipaka. Ukurasa wa zamani ulioibiwa bila kubadilishwa jina utaonekana safi, na tovuti iliyo nyuma ya linki huwezi kuiona hapo. Kwa hiyo mimi huongeza vitu viwili: maktaba ya matangazo ya Meta, inayoonyesha ukurasa unatangaza nini na tangu lini, na utafutaji wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, unaoonyesha anwani ya tovuti ilisajiliwa lini. Anwani iliyosajiliwa mwezi huu ni vigumu iwe duka rasmi la kampuni yenye miongo sokoni.

Kinachonifanya nisiipe sehemu ya uwazi alama zote ni pale ilipowekwa. Anayeliona tangazo akiwa na mtoto mapajani hataenda kuchimba kwenye maelezo ya ukurasa. Tarehe na majina ya zamani yangeandikwa kwenye tangazo lenyewe, chini ya jina, na kitufe cha kuripoti pembeni yake.